Nyongeza Niliyompa Papa Kambale

Vijana, najua mnanicheka kwa sababu naandika kwa vidole viwili. Chekeni. Vidole hivi viwili vimetengeneza programu zilizotembea Masisi na Walikale wakati ambapo hata magari hayakutembea. Nyingi zilitembea zikichechemea, sikatai. Mwenye kuzinunua alilalamika, mimi nikamwambia barabara ni mbaya.

Msinione hivi mkadhani nimezaliwa na ordinatere, hii kompyuta. Nilianza na redio, mu soko la Mweso, chini ya shitingi, turubai iliyotoboka upande wangu tu. Mwenye shitingi alikuwa mzee Byamungu, fundi mfupi, mkali, aliyeniajiri kwa sababu sikuomba mshahara na kunifundisha kwa sababu sikuacha kuuliza. Mteja akileta redio, mimi nilianza na bei. Byamungu alianza na bisibisi.

"Muntu anasema redio yake inakohoa," aliniambia. "Weye unamuuzia dawa mbele ya kumuangalia kifua? Fungua kwanza!"

Redio zikaondoka, zikaja simu, kisha ordinatere, na Byamungu hakubadilisha neno. Fungua kwanza. Shida ni kwamba programu haina skrubu. Njo hapo nilipokutana na kile ninachotaka kuwaambia.

Aplikasyo niliyotumia kutengenezea programu ilikuwa ya kukaa ndani ya ordinatere yenyewe. Ya mtandao ingenifaa nini? Mtandao wetu ulikuwa kama mgeni wa harusi: haukuonekana wakati wa kupika. Basi ndani ya aplikasyo ile, chini kabisa ya mipangilio, mahali ambapo mtu mwenye akili hafiki, kulikuwa na maneno "Mode développeur". Maana yake hali ya mtengenezaji. Ukiweka alama pale, kifuniko kinafunguka. Chini ya kioo inatokea sehemu nyeusi, wanaiita konsole, na programu inaanza kukuelezea kila inachofanya, mstari kwa mstari, kama mtoto anayetumwa sokoni akirudia maneno njiani ili asisahau. Unaweza kuisimamisha mahali unapotaka, ukaangalia imebeba nini mkononi, ukairuhusu ipige hatua moja, ukaisimamisha tena. Makosa yanaandikwa kwa rangi nyekundu.

Mara ya kwanza nilipoona nyekundu imejaa kioo chote, nilifunga mashini, nikaifunika na kitenge cha mke wangu, nikatoka nje kuketi. Byamungu akanikuta.

"Iko nini?"

"Imekufa, Muzee. Inatoka damu."

Akaifungua, akasoma, akanigeukia. "Hii haiko damu. Ni mashini inakuonyesha fasi ya kusoma. Sasa soma, bwana, ao urudilie kulima ndizi za baba yako."

Sikurudia ndizi. Nilisoma. Na leo nawaambia ninyi: msitazame mstari mwekundu wa mwisho, huo ni mlio tu. Pandeni mpaka mstari mwekundu wa kwanza. Wa kwanza njo mwizi; wengine wote ni watu wanaopiga kelele za mwizi.

Niliitwa Itebero siku moja. Wakulima wa mawese kule walikuwa na programu yangu ya kupima mafuta, na ikawa inawapa hesabu za uchawi: bidoni, madumu ya mafuta, zinaingia nyingi, jumla inatoka ndogo. Kwenda Itebero si kwenda, ni kutembea mpaka miguu ikuombe msamaha. Nilibeba ordinatere ndani ya kikapu, imefungwa mifuko ya plastiki, moja juu ya nyingine, nikahesabu mifuko, nikaihesabu tena. Nilipofika nikawasha mode ile, nikaisimamisha programu mahali pa kujumlisha, nikatazama imebeba nini. Ilikuwa imebeba maneno badala ya namba. Dada wa pale aliyeandika vipimo alitumia mkato kwenye desimali, kama tulivyofundishwa wote shuleni. Mimi, kwa ufundi wangu mwingi, niliiandikia programu ijue nukta tu. Kila ilipoona mkato ilitupa kilichofuata.

Kosa lilikuwa langu lote, bila hata tone la mwingine. Wakulima wamesimama nyuma yangu, wamenipikia samaki, wanangoja.

"Ni unyevunyevu wa pori," nikasema. "Umeingia mu hesabu."

Wakatikisa vichwa kwa heshima. Nikasahihisha, nikala samaki. Dada yule alinisindikiza mpaka mwisho wa kijiji, akaniambia polepole: "Papa, ile unyevunyevu ilikuwa na kamukia kadogo kama mkato, nilikaona." Mtu wa konsole ajue hivyo: aliye nyuma yako naye ana macho.

Mambo ya vita sitayaeleza sana, mmeyaona wenyewe ao mmezaliwa ndani yake. Nimekimbia na ordinatere kichwani mara nyingi kuliko nilivyokimbia na godoro. Mama Neema, mke wangu, ordinatere ameisamehe. Godoro bado.

Katika miaka ile alikuja Papa Kambale. Mfanyabiashara wa Butembo, Mkatoliki wa misa ya kwanza, mwenye butiki na kamio, malori yake yaliyopanda na kushuka vilima vyetu yakibeba viazi, chumvi, sabuni na watu. Antena ya simu hapo kwetu ilikuwa imenyamaza, mafuta ya kuiwasha hayakupita tena barabarani. Ukiwa butikini, simu yako ilikuwa tochi. Lakini mimi nilikuwa nimegundua kitu: ukifunga kifaa cha rezo, mtandao wa simu, kwenye ncha ya mwanzi mrefu juu ya paa, kinashika antena ya mbali, kwa shida, kama mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani. Waya inashuka mpaka kwenye ordinatere. Hakipokei sauti. Mesaje fupi tu njo kinapeleka na kupokea.

Papa Kambale akataka programu: aandike neno moja, mashofere wake wote walipate. Njia ilikuwa inabadilika asubuhi hadi jioni. Leo inapitika, kesho kuna masasi, risasi zinalia. Shofere aliye mbali angejuaje?

Tulipatana bei baada ya kugombana kwa adabu siku nzima. Tukashikana mikono. Hakuachia mkono wangu.

"Papa Neema, tumemaliza?"

"Tumemaliza, Papa Kambale."

"Na nyongeza?"

"Nyongeza ya nini? Hii haiko maharagi."

"Kila kitu iko na nyongeza yake. Mama wa soko akinipimia maharagi, anatia mukono moja juu. Weye unaniuzia mashini mzima ya kusema, halafu niende hivi hivi, kama muntu ameiba?"

Alikuwa na haki. Kwetu bei bila nyongeza ni matusi. Ila nyongeza ya programu ni nini? Nikatafuta kitu kisichonigharimu. Nikashuka mu mipangilio ya aplikasyo ile, maana programu yake ilikaa ndani yake, nikawasha mode ya mtengenezaji ili kumfurahisha macho, konsole ikafunguka, mistari ikaanza kukimbia, nyeupe, kijani, moja nyekundu ambayo niliifunika na kiganja.

Papa Kambale akavuta kiti. "Hii njo ninataka. Iache hapo."

"Papa, hii ni ya fundi. Ya kutafutia makosa."

"Na nani analipa fundi? Iache. Batu baone mashini yangu inafikiria."

Nikahesabu hasara, nikahesabu mara ya pili: hakuna. Nikaiacha. Vijana, hiyo ilikuwa hesabu yangu mbovu kuliko ile ya mawese.

Kwa sababu wakati wa kutengeneza programu ile, ili nisimalize yunite, salio la simu, kwa majaribio, niliiandikia sharti: mode ikiwa imewashwa, mesaje isitoke. Ikae kwenye foleni, na konsole iandike kwa kijani "imetumwa", na mwishoni kabisa, kwa herufi ndogo, "jaribio". Niliandika mimi. Kwa vidole hivi. Nikasahau.

Wiki zikapita kwa utulivu. Barabara ilikuwa shwari, hakuna aliyekosa kitu. Papa Kambale alikaa mbele ya konsole kama mbele ya televisheni, akiandika mesaje, akiona kijani, akifurahi. Alilalamika jambo moja tu: mashofere hawamjibu. "Banakuwa na kiburi tangu tumenunua mashini," alisema. Mimi nilikubali. Nilisema pia kiburi ni tabia ya shofere.

Kisha ikafika siku ile.

Mama Neema alikuwa ameenda Ngungu kununua viazi, na alikuwa anarudi mu kamio ya Muhindo, shofere mkubwa wa Papa Kambale. Juu ya viazi walikaa mama wengine wa soko. Mchana nilikuwa butikini, naongea bure. Mtu wa pikipiki akasimama mlangoni, hana viatu, pikipiki bado inanguruma.

"Ku daraja banapigana! Batu ba ile bonde banakimbia. Mwenye anashuka kule sasa, anaingia mu katikati."

Akaondoka. Daraja lile lilikuwa njiani mwa Muhindo.

Niwaelezee njia ile. Kabla ya kushuka bondeni kuna kilima kimoja ambako rezo inafika. Kila shofere anasimama pale: watu wanashuka, wanajinyosha, simu zinalia, wanauliza za nyumbani. Wakishaondoka kilimani, rezo inakufa, wanateremka mpaka darajani bila sauti ya mtu kuwafikia. Kwa hiyo neno lolote lilipaswa kumkuta Muhindo juu ya kilima. Baada ya hapo, imekwisha.

"Andika," Papa Kambale akaniambia. "Weye njo fundi."

Nikaandika: "Muhindo usishuke. Bakia ku kilima. Tafazali." Nikabonyeza. Kijani: imetumwa. Papa Kambale akafanya ishara ya msalaba, nami nikapumua. Nilijisikia fundi kweli.

Lakini mimi ni mtu wa kuhesabu mara mbili. Nikarudi kwenye mstari ule, nikausoma tena, mpaka mwisho, mpaka yale maneno madogo.

Nikaweka kidole juu ya neno la mwisho: jaribio.

"Papa Kambale. Haikutoka."

"Inasema imetoka. Angalia kijani!"

"Ni jaribio. Hii mode haitumi. Haijatuma ata moja tangu siku ile."

Akanitazama. "Ata ile ya mwezi jana? Ya kuwaambia bapunguze kula njiani?"

"Ata ile."

"Basi toa nyongeza yako! Itoe!"

Kutoa mode maana yake kufunga aplikasyo na kuifungua upya. Jua lilikuwa limejificha, pano ya sola haikuleta kitu, batri ilikuwa imeanza kulia. Aplikasyo ilifunguka kama mlango wa kanisa, taratibu, kwa heshima yote. Nikashuka mu mipangilio, nikaondoa alama. Konsole ikajifunga. Programu ikaamka, ikaona ina ruhusa ya kutuma kweli, ikageuka nyuma kutazama foleni.

Sasa niwaambie mu foleni kulikuwa na nini. Kila mesaje ambayo mimi na Papa Kambale tuliwahi kuichezea tangu mashini iwekwe butikini. Nilipaswa kuifuta foleni kabla ya kutoa mode, ndivyo afanyavyo mtu aliyesoma. Mimi niliiacha ijae. Na foleni inaenda kwa zamu, kama mbele ya bomba la maji: ya kwanza kuingia, ya kwanza kutoka. Ya Muhindo, ile ya kweli, ilikuwa ya mwisho. Ukiikatiza, programu inaanza tena mwanzo. Hilo nalo niliandika mimi.

Ikatoka ya kwanza: "Jaribio. Ukisoma hii jua mimi ni fundi mukubwa." Ikatoka: "Ng'ombe ya Papa Kambale imepanda muti, shofere mwenye ngazi ajulishe." Ikatoka ya Papa Kambale mwenyewe: "Muhindo, tumbo yako inabebwa na kamio yangu bure." Kila moja ikasubiri mwanzi upate rezo. Papa Kambale alikuwa anasoma kila inayoondoka kwa midomo, bila sauti.

"Hii ya ng'ombe ni nani?"

"Ni mimi."

"Na hii ya kuuliza kama mbuzi iko na haki ya kupanda mbele?"

"Weye, Papa."

"Ah. Mimi."

Batri ikalia tena. Ikatoka nyingine, na nyingine, upuuzi wote wa wiki zile ukapanda juu ya mwanzi, mesaje moja baada ya nyingine, na mimi nikawa naiomba kila moja iharakishe kama naombea mtu mlevi avuke barabara. Mwishoni ikafika zamu ya ile fupi. Mashini ikafikiri. Ikaandika: imetumwa. Nikatazama mwisho wa mstari. Hapakuwa na neno lingine.

Kisha kioo kikazima, batri imekwisha.

Hatukujua kama ilimkuta Muhindo kilimani ao bondeni. Hatukuwa na njia ya kujua. Papa Kambale alifunga butiki nusu, tukaketi kwenye ngazi. Kwa mara ya kwanza tangu tujuane tulikaa pamoja bila mmoja kutaka kitu kwa mwenzake. Giza likaja, kila mtu akaenda kwake. Sitawaambia nililala.

Kabla sijawaambia yaliyofuata, chukueni haya, kwa sababu nikifika mwisho mtasahau kuwa nilikuja kufundisha. Mode ya mtengenezaji ikiwa imewashwa, dirisha lote lipakwe rangi mbaya, ya kuumiza macho, mtu asidhani yuko nyumbani. Majaribio yatumeni kwa namba yenu wenyewe, si ya shofere. Futeni foleni kabla ya kutoka. Neno "jaribio" liandikwe mwanzo wa mstari na kwa herufi kubwa, si mkiani. Na mteja akidai nyongeza, mpeni maharagi.

Kesho yake mchana kamio ya Muhindo iliingia Mweso kwa njia ya mzunguko, matope mpaka kwenye vioo. Mama Neema alikuwa juu ya viazi. Nikahesabu watu waliokuwa juu. Nikawahesabu tena. Wote.

Watu waliokuwa bondeni siku ile hawakuwa na mwanzi wala mashini. Kuhusu hao sina kichekesho.

Muhindo alishuka kwanza, akaenda moja kwa moja kwa Papa Kambale akapiga tumbo lake mwenyewe kwa viganja viwili. "Boss! Hii njo inabebwa bure?" Papa Kambale akamkumbatia pamoja na tumbo.

Mama Neema alinieleza nyumbani, akichagua viazi. Walifika kilimani, simu ya Muhindo ikaanza kulia, ikakataa kunyamaza. Akawa anawasomea kwa sauti. Mama wa soko wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Ng'ombe, mbuzi, tumbo. Walichelewa pale kwa kungoja inayofuata, maana kila walipotaka kupanda, simu ililia tena. Kisha ikaja yangu. Muhindo akaisoma, akacheka kama nyingine.

"Akasema, 'Ile michezo ya bwana yako bado inaendelea. Pandeni, tuende.' Akawasha motere."

"Na weye?"

"Nikakaa chini. Mu barabara, mbele ya kamio. Akapiga klakson, ba mama bakanitukana, bakasema nimeanza wazimu. Nikawaambia bapite juu yangu. Tukagombana hapo, tukagombana, mpaka tukasikia masasi kule chini. Hapo Muhindo akazima motere."

Nilimuuliza aliijuaje. Ya kweli ilikuwa imevaa nguo zile zile za upuuzi, kutoka namba ile ile, nyuma ya ng'ombe aliyepanda mti.

Akaweka kiazi chini.

"Uliandika tafazali," akasema. "Nimeolewa na weye tangu niko musichana. Sijawahi kusikia hii neno kwako kama hauko unaomba bakupunguzie bei. Nikatafuta bei mu ile mesaje, haikukuwamo. Nikajua uko na woga."

Nilimwambia aksanti. Akaendelea kunitazama, anangoja niseme ninataka nini. Sikutaka kitu.